Wakfu wa Familia: Amana Iliyozimwa na Hukumu za London

Mawakili wa Nairobi siku hizi huwashauri matajiri waanzishe amana ya familia: mwenye majumba huyatoa mikononi mwake, huwakabidhi wadhamini, na watoto wakala kodi bila ruhusa ya kuuza hata chumba. Marekebisho ya sheria ya Kenya ya mwaka 2021 yanaitambua amana hiyo waziwazi, nayo husifiwa kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Pwani walikuwa nayo kabla mkoloni hajafika. Mwislamu mwenye shamba au nyumba aliweza kuiweka wakfu, isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi; mapato yaende kwa watoto na wajukuu chini ya msimamizi, na kizazi kikikatika, yaende kwa maskini au msikiti.

Wakfu huo haukuchakaa wenyewe. Mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bengal, Baraza la Faragha la London, mahakama ya mwisho ya rufaa kutoka makoloni, kwa kauli ya Lord Hobhouse liliamua kwamba wakfu ambao maskini wanaungoja hadi ukoo mzima utoweke ni sadaka ya jina tu, kwa hiyo ni batili. Wanazuoni wa Kiislamu walishangaa, kwa kuwa katika fiqhi kumlisha mwanao ni sadaka pia. Ajabu zaidi, makabaila wa Uingereza wenyewe walikuwa wamefunga ardhi zao kwa ajili ya vizazi vyao kwa hati za amana. India ilijikwamua kwa sheria ya mwaka 1913 iliyopiganiwa na Muhammad Ali Jinnah, lakini sheria hiyo haikuvuka bahari. Afrika Mashariki iliendelea kufungwa na hukumu ya 1894, na kesi ya Bakhshuwen, iliyotoka Kenya, ilipofika London mwanzoni mwa miaka ya 1950, majaji waliishikilia vilevile. Waliotetea na waliopinga wakfu huo, tusisahau, walikuwa jamaa wa ukoo mmoja. Hata hivyo, Kenya ilitunga sheria ya mwaka 1951 iliyouhalalisha wakfu wa familia, mradi mwisho wake uwe kwa maskini.

Wapo watakaosema Waingereza walitenda haki bila kukusudia, kwa kuwa wakfu ulitumika kukwepa mafungu ya faraidhi, yaani sheria ya Kiislamu ya mirathi, na kuwanyima mabinti. Hoja hii ina uzito. Syria iliufuta wakfu wa familia mwaka 1949 na Misri mwaka 1952, na hao si wakoloni. Ila Hobhouse hakuwatetea mabinti. Hoja yake ilihusu maskini kusubiri mno, na matokeo ya kubatilisha yalikuwa mali kurudi kwa warithi, kugawanywa na kuwa rahisi kuuzwa. Dhuluma ya hati hutibiwa kwa kuikagua hati. Tena amana ya leo inaweza kuwanyima mabinti vilevile, kwa maneno ya kisheria yaliyopangwa vizuri zaidi, na faraidhi haiigusi.

Kinachotenganisha amana njema na mbaya, ya kale au ya sasa, ni nani anamkagua msimamizi. Anayejiandaa kutia sahihi hati ya amana amuulize wakili wake swali hilo kabla ya kuuliza habari za kodi ya serikali.