Sindano za EPZ

Jioni nje ya geti la EPZ Athi River utawajua washonaji: wanatembea wakijishika shingo. Sista yangu alishona jinzi huko miaka minne. Dawa yake ilikuwa ya kuchua, na tembe za dukani. Nilipomtajia sindano za Wachina alicheka: "Nishinde na sindano mchana kutwa, halafu nilipie zingine?"

Lakini sindano hizo si ngeni Afrika Mashariki. Kikundi cha kwanza cha madaktari Wachina, kutoka Jiangsu, kilifika Zanzibar 1964, miezi michache baada ya mapinduzi. Tanzania Bara wakafika 1968. Walitumwa kwenye hospitali za umma.

Kwetu Kenya siasa iliingilia. 1967 serikali ya Kenyatta ilikosana na Beijing, uhusiano ukatengenezwa tu baada ya kifo chake, 1978. Kwa hivyo hapa sindano tumezijua zaidi kama biashara, kliniki za kulipia Nairobi. (Na zinasaidia, kiasi, kwa maumivu sugu ya shingo na mgongo.)

Sheria ya EPZ ya 1990 iliwapa wawekezaji miaka 10 bila kodi ya kampuni. Sista alipewa Jumapili, na Jumapili anafua.