Kulitafuta Jina la Wanyanga katika Matini

Mwaka 1956 Candi Rureke, Mnyanga wa Walikale, alimsimulia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo. Mtafiti atakaye habari za watu hao katika matini zilizoingizwa kompyutani hutegemea amri kama strstr ya lugha ya C, ilinganishayo herufi tu. Akiipa “Nyanga”, Wanyanga na Kinyanga humponyoka, kwani N kubwa si n ndogo. Akiipa “nyanga”, huwapata hao, hata Banyanga wa Kiswahili cha Kongo. Ila humletea pia “kunyanganya”, pale mpiga chapa alipoiacha ritifaa. Dosari hiyo si ndogo: katika habari za mapigano yaliyoanzia sokoni Ntoto, Walikale, Machi 1993, yakaenea Masisi, jina la wenyeji huhesabiwa pamoja na uporaji.