Ufuta wa Nachingwea na Sheria za Ng'ambo

Tarehe 24 Juni 2026 inatimia miaka 35 tangu mataifa ya Ulaya yapitishe kanuni yao ya kwanza ya kilimo hai, kanuni nambari 2092 ya mwaka 1991, na siku hiyo huangukia katika msimu wa ufuta, wakati malori yanapopanga foleni mbele ya maghala ya Nachingwea na Ruangwa, na wakulima waliokwisha kukung'uta miganda yao juu ya maturubai wanapongoja kusikia bei ya mnada. Sidhani kama yuko atakayeiadhimisha. Walakini kanuni ile, iliyoandikwa na watu ambao aghalabu hawakupata kuuona mkorosho, imeingia katika mashamba ya Wamwera, Wamakua na Wayao wa Mkoa wa Lindi na kuacha humo fahari na taksiri zinazostahili kuandikwa maadamu waliozishuhudia wangali hai.

Habari za Nachingwea na soko la ng'ambo, katika vinywa vya wengi, huanzia kwenye mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 kwa matrekta na reli, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Sitaurudia hapa, ila kwa kusema kwamba mkulima wa jembe la mkono, aliyeiona mitambo ile ikishika kutu, aliendelea kupanda ufuta, muhogo na mbaazi kama alivyofunzwa na wazazi wake, pasipo mbolea ya chumvichumvi wala dawa ya kopo, na hivyo akawa anatimiza nusu ya masharti ya sheria ambayo ilikuwa bado haijatungwa.

Nusu ya pili ndiyo iliyomshinda, nayo ni ushahidi. Kanuni ya 1991 ilitaka shamba la zao la msimu, mfano wa ufuta, likae miaka 2 kabla ya kupandwa bila kuguswa na kitu kilichokatazwa, na shamba la miti, mfano wa mikorosho, likae miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza kuuzwa kwa jina la kilimo hai. Ilitaka kila hatua ya zao iandikwe, kuanzia mbegu hadi gunia. Na ilitaka kila mwenye kulishika zao hilo njiani, awe mwenye ghala, mwenye kiwanda au msafirishaji wa nje, awe naye chini ya ukaguzi. Bidhaa ya nchi isiyokuwamo katika orodha ya nchi zilizotambuliwa, na Tanzania haikuwamo, iliingia Ulaya kwa idhini ambayo mwagizaji wa kule alijiombea kwa serikali yake, akithibitisha kwamba shamba la mbali limelimwa na kukaguliwa kwa masharti yaliyo sawa na ya kwao. Utaratibu huo wa idhini za waagizaji ulianza kuondolewa hatua kwa hatua mwaka 2012, ulipoanza kutumika ule wa orodha ya makampuni ya ukaguzi yaliyotambuliwa na Tume ya Ulaya yenyewe.

Mkaguzi wa kigeni hawezi kuzungukia wakulima elfu moja wenye ekari mbili tatu kila mmoja, na lau angeweza, gharama yake ingeyala mazao yote. Kwa sababu hiyo ukazuka utaratibu wa ukaguzi wa ndani, ambao Tume ya Ulaya iliuwekea mwongozo mwaka 2003: wakulima wajikusanye, wajikague wenyewe kwa wenyewe, waweke vitabu, kisha mkaguzi wa nje aje avipime vitabu hivyo na kuyaendea mashamba machache tu ili kuhakiki.

Mzee mmoja wa Nachingwea, katibu mstaafu wa chama cha msingi, aliyepata kuwa mkaguzi wa ndani wa kikundi cha namna hiyo, ndiye aliyenieleza mengi ya haya, na rai zake, nakiri, zimeigeuza makala hii upande wake. Daftari lake analo hata leo. Ni daftari la jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu, na kila ukurasa una jina la mkulima na namba yake, ekari zake, idadi ya mikorosho, zao lililotangulia, na safu moja nyembamba pembeni yenye kichwa cha maneno mawili: "Jirani anapuliza?" Chini yake mna ramani ya shamba iliyochorwa kwa mkono, yenye njia ya miguu, korongo, na mwembe ulioandikwa "mpaka". Nimezisoma taarifa nyingi za wataalamu juu ya kilimo cha Kusini, na ni chache zilizoniarifu kiasi cha ukurasa mmoja wa daftari lile.

Safu ile ya jirani ilizaliwa katika mzozo wa salfa, na mzozo huo haufahamiki kwa asiyeijua nakama iliyoipata korosho. Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho katika msimu wa 1973/74, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yakawa hayafiki tani 17,000. Kuhamishiwa kwa watu vijijini kuliwatenga wakulima na mikorosho yao, bei ikawa haivutii, kisha ukaja ubwiriubwiri, ugonjwa wa ukungu mweupe unaochoma maua kabla hayajafunga tunda, uliotambuliwa nchini mwaka 1979. Watafiti wa kituo cha Naliendele, kule Mtwara, walionyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa mashine alfajiri, umande ungali juu ya majani, maua yanapona; na ni salfa hiyo, pamoja na kazi ya watafiti hao, iliyoirudisha korosho ya Kusini katika uhai. Mkulima wa Ruangwa ambaye hakupata kutia dawa katika ufuta wake akawa sasa, katika shamba lile lile, anapuliza mfuko kwa mfuko juu ya mikorosho.

Basi wakulima wa kikundi walipoitwa ofisini kwa chama kusomewa masharti, mwaka wa kwanza waliambiwa kwa ufupi kwamba dawa ni marufuku, na baadhi yao wakaiacha mikorosho bila salfa wakapoteza maua. Mwaka uliofuata wakaambiwa salfa inaruhusiwa. Mama mmoja, mwenye mikorosho ya urithi, akasimama. "Bwana Katibu," akasema, "salfa hii inatutoa machozi tukajifunga leso puani, na mwaka jana mlitwambia dawa haramu. Leo mnatwambia si dawa?" Katibu akamjibu, "Ni dawa, mama, ila imeandikwa miongoni mwa zilizoruhusiwa." Ukumbi ukachafuka. Wako waliosema wamehadaiwa, wakatoka na hawakurudi; wako waliouliza kwa nini, ikiwa unga umeruhusiwa, dawa za maji za ukungu zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo zimekatazwa, ilhali ni kidogo tu hutosha na hazitoi machozi.

Jibu la kweli, ambalo siku ile hapakuwa na wa kulitoa kwa utulivu, ni kwamba sheria ya kilimo hai haipimi ukali wa kitu machoni wala puani, bali asili yake na mabaki yake. Salfa, kama shaba, imo katika orodha ya zilizoruhusiwa tangu kanuni ya kwanza kwa kuwa ni madini ya asili. Dawa za maji zilizotungwa kiwandani hazimo, na hupimwa katika maabara kwa viwango vidogo mno. Kwa maoni yangu mama yule ndiye aliyekuwa na haki, kwani mtu aliyetiwa hasara na maelezo ya nusu anastahili maelezo kamili, na hakupewa. Hata hivyo swali lake lilizaa matunda: waliosalia walianza kuandika tarehe ya kupuliza na jina la mwenye mashine, maana mashine iliyotoka kupuliza dawa ya maji kwa jirani huja na mabaki tumboni mwake, na ufuta, ambao Juni huwa umesimamishwa kwenye miganda ukikauka kando ya mikorosho inayopulizwa, huyapokea. Wakapatana pia kwamba mfuko wa kilo 25 uliokuwa na salfa usitiwe ufuta hata ukifuliwa.

Mwaka 2007 Afrika Mashariki ilipata viwango vyake vya pamoja vya kilimo hai na alama ya Kilimohai, vilivyozinduliwa Dar es Salaam. Ni jambo la heshima, ingawa kontena linalokwenda Hamburg bado hukaguliwa kwa sheria ya Ulaya.

Kilichowavunja moyo wengi, asema mzee, ni ghala. Stakabadhi ghalani, iliyopata sheria yake mwaka 2005 na huku Kusini kuanza na korosho, iliwekwa kwa insafu kabisa, ili mkulima aepushwe na kangomba ya korosho na chomachoma ya ufuta, ambamo mlanguzi hununua zao la mwenye njaa kwa kipimo chake na bei yake. Lakini ufuta ulipoingizwa katika utaratibu huo, na chama kikuu cha RUNALI, chenye kubeba majina ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kikawa ndicho chenye kuendesha minada, ufuta wa mwenye daftari ulimiminwa pamoja na ufuta wa asiye na daftari, ukauzwa kwa mnunuzi aliyejulikana siku ile ile ya mnada, asiye na habari ya namba ya mkulima wala ya miaka 2 ya kungoja. Papo hapo kazi ya miaka ilikwisha, si kwa dawa wala kwa udanganyifu, bali kwa chepe. Nalisema hili kwa uchungu: tumekuwa na zao safi, na watu walioandika usafi wake kwa mikono yao, tukakosa chumba cha kuliweka.

Na fursa ingalipo. Kanuni mpya ya Ulaya, nambari 848 ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Januari 2022, haitaki tena usawa wa masharti kwa bidhaa zinazoingia kupitia makampuni ya ukaguzi, inataka masharti yenyewe. Kikundi kisizidi wanachama 2,000, kiwe na uhai wake kisheria, mashamba yawe madogo na yaliyo jirani, wanachama wauze kwa pamoja, na mkaguzi wa nje arudie kuwakagua asilimia 5 yao kila mwaka. Marekani nayo, tangu Machi 2024, inataka cheti cha uingizaji kwa kila shehena ya kilimo hai. Msomaji wa Nachingwea akiyapima masharti hayo ya Ulaya ataona kwamba chama cha msingi cha kijijini kwake, AMCOS, karibu kinayatimiza yote, isipokuwa kwamba wenye kilimo hai watalazimika kuwa na chombo chao wenyewe, wasichanganywe na wanaopuliza dawa zilizokatazwa. Serikali ilizindua Dodoma, Novemba 2023, mkakati wa kilimo hai wa hadi mwaka 2030. Wilaya zetu mbili zauhitaji mkakati huo katika umbo la ghala lenye chumba cha pili, mizani yake, magunia mapya yenye namba za wakulima, mnada wa peke yake kwa wanunuzi wenye vyeti, na mshahara wa mkaguzi wa ndani, ambaye mzee wangu aliifanya kazi yake kwa baiskeli na kwa wino alioununua mwenyewe.