Ushauri wa Korosho Madimba: Kutoka Redioni Hadi Kiganjani

Ushauri wa kilimo kutoka mbali uliwafikia wakulima wa korosho wa Madimba, kwenye njia ya Msimbati kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara, kwanza kwa redio. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, kipindi cha Mkulima wa Kisasa kilisikika hata pale bwana shamba alipofika kwa nadra. Lakini redio ilisema tu, haikuulizwa swali.

Upungufu huo ulidhihirika ubwiriunga ulipoingia mikoroshoni mwishoni mwa miaka ya 1970. Kuvu huyu hufunika maua na machipukizi kwa unga mweupe, maua yakanyauka na kupukutika kabla ya kushika korosho. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, jirani na Mtwara, walifundisha kupuliza salfa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia, na kurudia kila baada ya wiki mbili hivi. Hapo ushauri uliochelewa ni sawa na kukosa ushauri, kwani ua likishaungua halirudi.

Ndiyo maana simu ya mkononi imekuwa faraja ya kweli. Kwa mfumo wa M-Kilimo wa Wizara ya Kilimo, mkulima humuuliza afisa ugani na kujibiwa, hata akiwa na simu ndogo ya vitufe. Soko nalo limefuata: msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei kujulikana papo hapo.