Miti Iliyotangulia Mvua

Kisaka na vijiji jirani vya mkoa wa Mara, Tanzania, upande wa Serengeti na Tarime, viko chini kidogo tu ya ikweta. Urefu wa mchana wa Juni na ule wa Desemba haupishani hata robo saa, wala hakuna theluji ya kuyeyuka ili mkulima ajue majira yamegeuka. Huku mwaka hugeuzwa na maji: kiangazi kirefu, vuli, kisha masika. Nashikilia kwamba kuzitambua mapema dalili za mgeuko huo kulikuwa kazi ya shamba sawa na kushika jembe, na historia ya kilimo cha Wangoreme na Wakuria wa huku inayoanzia kwenye kupanda imeruka mwanzo wake.

Ushahidi wangu ni ulezi. Mbegu yake ni ndogo mno. Ikimwagwa mapema, mvua ya kupita huiotesha na jua likaiua. Ikichelewa, magugu huitangulia. Kwa hiyo shamba lilipaswa kufyekwa na kulimwa kabla ya tone la kwanza, na aliyengoja mvua ndipo atafute jembe alikuwa amekwisha kuchelewa. Habari za mapema zilikuwepo mitini. Erythrina abyssinica huvaa maua mekundu matawi yakiwa hayana jani hata moja, na baadhi ya miti ya mbugani huchipua majani mabichi ardhi ingali kavu, kwa maji yaliyohifadhiwa shinani na yale yanayovutwa na mizizi mirefu. Huko pwani watu walisoma angani pia: kundi la nyota la Kilimia limebeba kulima ndani ya jina lake. Uingereza, Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika siku ambazo miti ilichanua huko Norfolk, na leo anahesabiwa mwanzilishi wa elimu ya kufuatilia majira kwa dalili za viumbe. Mkulima wa Mara hakuacha daftari, lakini ulezi uliovunwa mwaka baada ya mwaka kwenye mvua za kubahatisha si ushahidi mdogo.

Atakayepinga atauliza: mbona basi miaka ya 1890 njaa iliangamiza watu? Swali ni la haki. Ila mti husema mvua inakaribia. Hausemi itanyesha kiasi gani. Tena msiba ule haukuwa wa mvua peke yake, kwani sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, na ndui ikawapunguza watu wa kulima. Wengine watasema haya ni mambo ya waganga wa mvua tu. Ni kweli utabiri ulichanganyika na ibada, lakini ibada haifuti alichokiona mtu kwa macho. Magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi wa Bunyore, wenye sifa ya kutabiri mvua tangu enzi za mababu, hutazama maua, upukutikaji wa majani na mienendo ya wadudu. Na katika karne hii wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya wameketi nao, kila upande na vipimo vyake, wakatoa utabiri mmoja kwa wakulima.