Uvundo wa kiyoyozi cha gari hauondoki kwa marashi

Masika haya, kila nilipowasha kiyoyozi gari lilinuka nguo zilizoanikwa zisikauke. Nikanyunyiza marashi, uvundo ukabaki, na mwanangu mwenye pumu akazidi kukohoa.

Kinachonuka ni ukungu. Ndani ya dashibodi mna kipoozeo cha vyuma vyembamba. Hewa yetu ya pwani ikivigusa hutoa maji, kama gilasi ya barafu itokavyo jasho. Ukizima gari papo hapo, vyuma hubaki vimelowa gizani, ukungu ukaota.

Anza na filta ya hewa ya ndani, ambayo kwenye magari mengi iko nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Yangu ilikuwa nyeusi tii! Badilisha, usiipulize vumbi ukairudisha. Kisha tazama chini ya gari: kiyoyozi kikifanya kazi muda mrefu bila tone kuanguka, huenda mpira wa kutolea maji umeziba, na zulia litalowa. Uvundo ukiendelea, fundi apulize dawa ya povu kwenye kipoozeo chenyewe, si matunduni tu.

Siku hizi, dakika 5 kabla ya kufika nyumbani, nazima ubaridi na kuiacha feni ivume, hewa ya nje ikiingia.