Msasa: kuparuza na kulainisha

Magazeti yetu hayakosi kichwa cha habari cha aina hii: watendaji wa kata wapigwa msasa, walimu wapya wapigwa msasa, waandishi wapigwa msasa kuhusu sheria za uchaguzi. Msomaji anaelewa mara moja kwamba wahusika wamekalishwa semina wakatoka na weledi zaidi ya ule waliokuja nao. Taswira iliyomo ni ya karakana ya seremala: kilichokuwa na vijibanzi sasa ni laini, kilichofifia sasa kinang'aa. Ni matumizi mazuri na yamekita mizizi. Lakini mtu anayetaka kupiga rangi gari lake mwenyewe, nyumbani, kwa mara ya kwanza, akianza na maana hiyo peke yake kichwani, rangi yake itabanduka. Kwenye bodi ya gari msasa una kazi mbili zinazopingana, na ile inayotangulia, ambayo ndiyo inayochukua muda mwingi, si kulainisha. Ni kukwaruza.

Msasa kwanza ni mti. Majani yake yana vinyweleo vifupi na vigumu, na maseremala wa zamani waliyatumia kusugulia mbao na vyombo kabla karatasi ya kiwandani haijafika. Karatasi ilipofika ilirithi jina la jani, kwa kuwa kazi ilikuwa ileile. Kenya wengi husema sandpepa, na hakuna ubaya. Kinachonisumbua ni "karatasi ya mchanga", ambayo siku hizi inajitokeza kwenye maelekezo ya bidhaa yaliyotafsiriwa neno kwa neno. Hakuna fundi anayesema hivyo, na wala kwenye karatasi hiyo hakuna mchanga. Chembe zilizogandishwa juu yake kwa kawaida huwa ama oksidi ya alumini, ama silikoni kabidi, ile nyeusi inayometameta, ambayo Mmarekani Edward Acheson aliigundua mwaka 1891 alipokuwa akijaribu kutengeneza almasi. Jina la Kiingereza limebaki na mchanga ambao bidhaa yenyewe imeshauacha. Letu halina mzigo huo. Linataja kitu kinachokwaruza, basi, na hilo limebaki kweli tangu enzi za jani hadi leo.

Nyuma ya kila karatasi pameandikwa namba, na hapo ndipo anayeanza hupotea. Asili ya namba hiyo ni chekecheo. Chembe husagwa, kisha huchekechwa kwenye wavu. Wavu wenye matundu mengi zaidi katika inchi moja una matundu madogo zaidi, kwa hiyo namba ikipanda, chembe inapungua. P80 ina chembe za wastani wa mikroni 200 hivi, yaani milimita 0.2. P180 ni kama mikroni 80. P400 ni 35, P800 ni 22, na P2000 ni 10 tu, ambayo ni ndogo sana kuliko unene wa unywele wa kichwani. Namba kubwa si ukali mkubwa. Ni upole mkubwa.

Herufi P nayo ina maana yake. Inaonyesha kwamba karatasi imepimwa kwa kipimo cha FEPA, shirikisho la watengenezaji wa misasa wa Ulaya. Marekani wana kipimo chao, ambacho hakina P mbele. Kwenye misasa mikali vipimo hivi viwili hukaribiana, lakini kwenye misasa laini vinaachana mbali: 400 ya Kimarekani ina chembe za mikroni 23, karibu sawa na P800. Kwa hiyo anayefuata maelekezo ya Kimarekani akanunua P400 anapeleka kwenye bodi msasa mkali kuliko alioelekezwa, na mikwaruzo itakayobaki ataiona jua litakapoiangazia boneti kutoka ubavuni. Geuza karatasi, tazama nyuma, ndipo ulipe.

Sasa hiyo kazi ya kwanza. Rangi haishiki kwenye kitu kinachong'aa. Fundi wa lipu analijua hili vizuri: ukuta wa zege uliotoka laini kwenye mbao za ukungu hugongwagongwa kwanza kwa nyundo, la sivyo lipu itadondoka vipande vipande. Bodi ya gari ni hivyo hivyo kwa kiwango kidogo mno. Rangi ya zamani, hata ikiwa nzima, ina uso uliofungana. Rangi mpya ikipulizwa juu yake hulala bila kushika, na siku ukitoa tepu inaondoka nayo kama ngozi. Msasa unachora mamia ya mikwaruzo midogo, rangi mpya inazama humo, inakauka, inashika. Ndiyo sababu fundi mzoefu haulizi kama gari limekuwa laini. Anauliza kama mng'ao umekufa. Anainama, anaangalia bodi kwa mshazari, na popote anapoona kialama kinachomeremeta, hata cha upana wa ukucha, anajua pale msasa haukupita. Sehemu zinazosahauliwa ni zilezile siku zote: kuzunguka vitasa, chini ya raba za vioo, na kwenye kingo za milango.

Kabla ya mkwaruzo wa kwanza, gari lioshwe kwa sabuni, kisha lifutwe kwa dawa ya kuondoa mafuta na nta. Mpangilio huu haubadiliki. Ukisugua kwanza na kufuta baadaye, msasa unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na rangi ikifika hapo inajikunja na kuacha vishimo vya duara ambavyo havizibiki kwa kuongeza rangi.

Penye kutu au penye bonde, sugua hadi kwenye bati kwa P80. Pati, ile ya kujazia mabonde, nayo huchongwa kwa P80, kisha P180, kisha P320. Usiruke kutoka 80 hadi 400 kwa haraka ya kumaliza: P400 haiwezi kufuta bonde lililochimbwa na chembe yenye ukubwa mara tano au sita ya chembe zake, inapita juu ya vilele tu. Utaona uso umependeza, utapuliza praima, utapuliza rangi, utafurahi. Baada ya wiki kadhaa, thina iliyobaki ndani ikiisha kutoka, rangi inanywea, inaingia kwenye mabonde, na mistari ya P80 inaibuka yote kama ilivyochorwa. Wengi huilaumu rangi. Kosa ni la msasa uliorukwa.

Pati isiguswe na maji. Pati ya poliesta inanyonya, na maji yakishaingia hayatoki yote. Yanakaa chini ya rangi yakilisha kutu hadi malengelenge yatokee. Na kwa sisi wa pwani, kuanzia Tanga na Dar es Salaam hadi Mombasa, kuna la nyongeza: bati lililosuguliwa likabaki wazi huanza kupata kutu ndani ya saa chache kwa unyevu na chumvi ya hewani. Sugua kipande unachoweza kukipiga praima siku hiyohiyo.

Praima ikikauka ndipo unapofika kwenye hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapo mtu huanza kuona kwa mkono. Pulizia juu ya praima ya kijivu ukungu mwepesi wa rangi nyeusi, madoadoa tu. Mafundi wengine huiita rangi ya kuongozea. Loweka msasa wa maji P400 kwenye ndoo yenye tone la sabuni, uzungushie kibao cha raba, usugue kwa mipito mirefu ya mshazari, mara huku mara kule. Weusi unatoweka kwenye vilima na unabaki mabondeni. Hapo boneti uliyodhani imenyooka inakuonyesha ramani yake: doa jeusi la mviringo karibu na bawaba, mstari mwembamba penye ukingo wa pati. Doa likitoka kwa kusugua kidogo zaidi, vyema. Likikataa huku praima ya pembeni imeanza kuisha, acha. Hapo panahitaji praima nyingine au pati, si nguvu. Na usisugue kwa vidole vitupu. Ncha za vidole hubonyeza zaidi ya sehemu nyingine za mkono, nazo huacha mifereji minne ambayo huioni mpaka rangi ing'ae. Maliza kwa P600, au P800 kama rangi yako ni ya metaliki, maana metaliki haifichi mkwaruzo.

Huu msasa wa maji una historia inayohusu magari moja kwa moja. Mwaka 1921 kampuni ya 3M ya Marekani ilianza kuuza karatasi isiyoharibiwa na maji, uvumbuzi wa Francis Okie wa Philadelphia. Viwanda vya magari viliipokea kwa sababu usuguaji mkavu ulijaza karakana vumbi, na rangi za wakati ule zilikuwa na risasi. Kijana wa kampuni hiyohiyo, Richard Drew, alipokuwa akipeleka sampuli za msasa huo kwenye gereji za St. Paul, aliona mafundi wakihangaika na magari ya rangi mbili: gundi waliyotumia kuziba sehemu moja ilibandua rangi ya sehemu nyingine. Mwaka 1925 alikuwa ametengeneza tepu ya karatasi, ileile tunayobandikia magazeti kwenye vioo leo.

Kazi ya pili ya msasa, ile ya magazetini, inaonekana wazi zaidi mwisho kabisa, baada ya klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, kukauka na kukomaa. Hapo ndipo P1500, P2000 na ikiwezekana P3000, vyote kwa maji, vinapoondoa vumbi lililonasa na vijimawimbi vinavyofanana na ganda la chungwa, kisha dawa ya kung'arishia inarudisha mng'ao. Hatua hii ina hatari yake, kwani tabaka la klia huwa na unene wa mikroni 40 hadi 60 tu. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi ni jembamba zaidi, kwa sababu rangi mbichi hukimbia makali. Bandika tepu kwenye kingo kabla ya kusugua, na hesabu mipito ya mkono.

Kwa hiyo tuna kitenzi kimoja, kupiga msasa, kinachobeba vitendo viwili ambavyo ukivichanganya unaharibu kazi. Kiingereza cha mafundi kinavitenganisha kwa maneno mawili. Kiswahili hakihitaji kuazima, kwa kuwa maneno tunayo. Napendekeza kuparuza kwa ile kazi ya kuupa uso mshiko, na kulainisha kwa ile ya kuondoa alama. Paruza tayari ni neno la kila siku. Mtoto akianguka tunasema ameparuzika goti, yaani uso wa juu umekwaruzwa bila kuchimbwa. Ndicho hasa tunachotaka kwenye rangi ya zamani. Basi maelekezo yaandikwe hivi: paruza kwa P400, puliza praima, lainisha kwa P600. Anayeanza akisoma sentensi hiyo anajua kwa kila hatua anatafuta nini: mng'ao ufe, au alama zipotee. "Piga msasa" ibaki kuwa jina la kazi yote kwa jumla, kama inavyotumika gerejini.

Kwa anayekusudia kuanza, fenda moja au mlango mmoja inatosha kabisa. Gari zima lisubiri. Nunua msasa zaidi ya unavyodhani utahitaji, kwa kuwa karatasi iliyochoka haiparuzi wala hailainishi, inapasha joto tu. Vaa barakoa ya vumbi unaposugua bila maji, hasa kwenye gari la zamani lenye tabaka za rangi usizojua asili yake.

Na klia ya kuchanganya na hadina, ile ya makopo mawili, usiipulize nyumbani kwa barakoa ya karatasi wala kitambaa. Hadina hiyo ina kemikali za jamii ya isosianeti ambazo huleta pumu, na mtu akishapata athari hiyo, kiasi kidogo tu baadaye kinaweza kumkaba pumzi. Fundi anayeipuliza kwa usalama huvaa kifaa kinachomletea hewa safi kwa bomba kutoka nje. Kama huna kifaa hicho, fanya mwenyewe kazi yote ya msasa, ambayo ndiyo inayoamua uzuri wa rangi, kisha peleka gari gerejini kwa fundi mwenye vifaa akupulizie klia.